Masinia Yaliyoshukia Idjwi

Adolphine M'Bulonza alizaliwa Nyangezi, kando ya barabara inayotoka Bukavu kwenda kusini, na kazi ya kwanza aliyofundishwa na mama yake ilikuwa kufunga mayai. Mama yake alikuwa akituma mayai kwenye soko la Bukavu kwa lori lolote lililokubali kumbebea kikapu. Barabara ilikuwa mbovu, madereva hawakuwa na huruma, lakini mayai yalikuwa yanafika. Yai lisiguse yai, ndivyo mama alivyokuwa akisema, na lisiguse kikapu. Katikati aliweka majani makavu ya migomba aliyokuwa ameyasugua mikononi mpaka yakawa laini kama kitambaa kilichochakaa.

Alipoolewa na Jean-de-Dieu, seremala wa Kadutu, Adolphine hakufikiri kwamba kazi ile ingemfaa tena. Mumewe alikuwa akitengeneza milango, vitanda, na majeneza pia, kwa sababu majeneza hayakosi wateja. Kisha mpishi wa hoteli moja ya Ibanda, kule kwenye nyumba kubwa zinazotazama ziwa, alimwomba amchongee sinia la mbao la kupelekea wageni chai. Jean-de-Dieu alichagua mti wa grevilea, wenye rangi ya asali, akachonga mishikio miwili, akapiga msasa hadi ukingo ukateleza chini ya kidole, akalipaka mafuta. Hoteli ikapenda. Hoteli ya jirani ikaona wivu. Haikupita muda, watu wa Uvira na Goma wakaanza kupiga simu wakiulizia plato za Jean-de-Dieu, maana Bukavu sinia wanaliita plato.

Mzigo wa kwanza wa Goma aliufunga Jean-de-Dieu mwenyewe. Aliyapanga masinia ndani ya karton, moja juu ya jingine, akaweka magazeti juu, akafunga kamba. Yalirudishwa na boti ileile iliyoyapeleka. Mishikio ilikuwa imevunjika, nyuso zimekwaruzana kana kwamba paka walipigana humo. Jean-de-Dieu alikaa kwenye benchi lake la kazi, kichwa mikononi. Adolphine alichukua sinia moja, akaligeuzageuza.

"Ulizifunga kama batu banafunga bitabu," alimwambia kwa Kiswahili cha Bukavu, ambamo ndiyo hutamkwa njo. "Bwana yangu, hii njo yai."

Tangu siku hiyo ufungaji ukawa wake. Wanawake wa milima ya Kabare walimletea majani makavu ya migomba. Aliyaanika, akayapiga kwa fimbo ili wadudu watoke, kisha akayasugua. Kila sinia alilivika peke yake. Aliyalaza uso kwa uso, mishikio akiipishanisha ili mmoja usikutane na mwenzake, na pembe za kasha alizijaza mpaka pasiingie hata kidole. Alipomaliza kupigilia misumari, alitega sikio kwenye ubao na kulitikisa kasha. "Ikisema kitu, ninafungua," alikuwa akisema. Na kweli alifungua, hata kama mchukuzi alikuwa ameshafika mlangoni na mkokoteni wake. Mwishoni alishona gunia kulizunguka kasha na kuandika jina la mteja kwa rangi nyekundu.

Bandarini kulikuwa na mfanyakazi wa boti aitwaye Gentil, aliyewajua wateja wake wote kwa sura na kwa sauti. Adolphine alimkabidhi makasha, akasimama hadi boti ipotee nyuma ya rasi, akarudi nyumbani kupika. Yeye mwenyewe hakuwahi kupanda boti. Alikuwa mtu wa milima. Maji mengi yalimtia kizunguzungu akiyatazama tu. Kwa miaka kadhaa hakuna mshikio uliovunjika, na hilo lilimtosha.

Kiangazi kimoja, si zamani sana, mama mmoja wa Goma aliyeitwa Clémence aliagiza masinia mengi kuliko mteja yeyote aliyewahi kuwaagiza. Alikuwa anafungua restora mpya, na alitaka kila meza ihudumiwe kwa sinia la mbao. Jean-de-Dieu alifanya kazi hadi mabega yakamuuma. Adolphine alijaza makasha mawili, akayatikisa, yakanyamaza. Juu ya magunia aliandika MAMAN CLEMENCE, na chini yake PLATO. Hakuandika kitu kingine, kwa maana hakuwa amewahi kuandika kitu kingine. Ila siku ile Gentil alikuwa kitandani na malaria, na makasha yalipokelewa na mtu mwingine aliyekuwa na haraka.

Ijumaa asubuhi simu ililia.

"Maman Adolphine," ilisema sauti ya Maman Clémence wa Goma, taratibu sana, sauti ya mtu anayejizuia, "ni nini umenitumia?"

"Njo zile plato, maman. Zimefika muzuri?"

"Plato? Mi niko naona masahani ya plastiki. Na mabeseni. Na bikombe ya rangi ya pinki! Kwenye karton bameandika jina yangu, Maman Clémence. Mi nafungua restora siku ya Jumanne, maman. Bageni bangu nitabapa chakula mu beseni?"

Adolphine alikaa chini. Aliomba msamaha bila kujua anaomba msamaha wa nini, kisha akakimbia bandarini. Pale, baada ya kuulizana sana, ikajulikana. Boti ilikuwa imesimama Idjwi, kisiwa kilicho njiani kwenda Goma, upande wa Kihumba, na watu wa huko walikuwa wanasubiri vyombo vya Maman Clémence wao. Mizigo miwili ilikuwa na jina moja. Yule mtu mwenye haraka alishusha wa kwanza aliouona.

"Uko huko kisiwani," walimwambia Adolphine. "Walikuja kuupokea na furaha nyingi."

Nyumbani Jean-de-Dieu alivua aproni yake. "Nitaenda mimi," alisema, kisha akatazama milango ya shule iliyosimama ukutani ikisubiri bawaba, ambayo alikuwa ameahidi kuiweka kabla watoto hawajarudi darasani. Adolphine naye aliitazama.

"Wewe umalize milango," alisema. "Nitaenda mi."

"Wewe? Kwenye maji?"

"Mi njo niliziandika jina."

Jumamosi alipanda boti ya mashine, amevaa koti la mumewe juu ya kikwembe chake cha kitenge, rozari mkononi. Alikaa katikati kabisa, mbali na kingo zote mbili, akashika benchi. Mama mmoja muuza mikate aliyekaa karibu naye alimshauri atazame milima badala ya maji. Alitazama milima. Ilisaidia kidogo. Baada ya muda alithubutu kula kipande cha mkate, na boti ilipokaribia kisiwa aligundua kwamba vidole vyake vilikuwa vimeliachia benchi bila yeye kuviamuru.

Ufukweni aliuliza kwa Maman Clémence ni wapi. Mvuvi aliyekuwa anashona wavu alicheka.

"Yule wa harusi? Fuata ngoma tu."

Kulikuwa na ngoma kweli, ikija kutoka juu ya kilima. Adolphine alipanda njia nyembamba katikati ya kahawa na mananasi, na njiani alijaribu maneno makali aliyokuwa ameyaandaa. Mtu anapokeaje koli, mzigo usio wake? Hawajui kusoma? Hawajui kuuliza? Kila hatua alilichonga neno lingine, na alipofika kwenye uzio wa mimea ya miyenzi alikuwa amejaa maneno mpaka kooni.

Ndipo msichana akapita mbele yake akiwa na sinia begani.

Juu ya sinia kulikuwa na mlima wa wali, na kando yake samaki wa kukaanga, vichwa vikitazama upande mmoja. Nyuma yake alikuja msichana mwingine, na sinia la ndizi na nyama ya mbuzi. Uwanja wote ulikuwa umejaa watu waliokaa kwenye mabenchi ya kanisa, na kwenye kila benchi sinia la Jean-de-Dieu lilikuwa linapita kutoka mikono hadi mikono. Watoto walikuwa wanaokota sambaza, wale dagaa wa ziwa. Bibi mmoja mkongwe alikuwa ameweka lake mapajani na kuukumbatia mshikio kama mtu atakayenyang'anywa.

Adolphine alisimama pale pale. Alikuwa ameyashika masinia yale yote, moja moja, tangu yakiwa mbao zinazonuka mafuta. Aliyajua migongo na matumbo. Lakini alikuwa ameyajua yakiwa matupu tu, yakivikwa majani, yakifungiwa gizani. Hakuwahi hata siku moja kuona sinia la mumewe likiwa na chakula juu yake na watu kulizunguka. Maneno yake makali yalikuwa bado yapo, ila hakujua tena ayaanzie wapi.

Mama mnene mwenye kilemba cha njano alimjia huku akifungua mikono.

"Karibu, maman, karibu! Uko wa upande ya bwana harusi?"

"Hapana. Mi niko Adolphine, wa Bukavu." Alilionyesha sinia lililokuwa linapita. "Hizi plato, ni bwana yangu alizitengeneza. Zilikuwa za kwenda Goma."

Maman Clémence wa Idjwi alimtazama, akayatazama masinia, akashika kifua.

"Yesu Maria," alisema kwa sauti ya chini. "Kaka yangu Aloys iko Bukavu. Aliniambia, dada, nitakutumia bintu ya kuandalia bageni, mu boti. Tulipofungua tukakuta hizi, nililia, maman. Nilisema, kumbe kaka yangu ananipenda hivi!"

"Ya kaka yako ilifika Goma. Ni masahani ya plastiki."

"Na bikombe?"

"Bikombe pia. Ya pinki."

Maman Clémence alifumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa na machozi. "Nitasimamisha bote," alisema. "Tutamwaga chakula mu majani ya migomba. Utazichukua sasa hivi, tutazisafisha."

Aligeuka, akainua mkono kuwaita wasichana. Adolphine aliona uso wake, akaona pia wazee wa upande wa bwana harusi waliokaa mstari wa mbele, na bibi harusi, Lucie, binti wa Maman Clémence, aliyekuwa anamlisha mumewe kipande cha samaki huku watu wakipiga makofi. Alifikiria sinia likivutwa kutoka mapajani mwa yule bibi mkongwe. Alifikiria mambo ambayo ukoo wa mume ungeyasema kwa miaka mingi kuhusu harusi ambayo vyombo vyake vilikuja kuchukuliwa katikati ya chakula.

Aliushika ule mkono ulioinuliwa, akaushusha.

"Acha batu bakule," alisema.

Wakati huohuo mzee mmoja mwembamba kutoka mstari wa mbele alisimama. Aliitwa Honoré, alikuwa katekista na baba mdogo wa bwana harusi, na sauti yake ilikuwa imezoea kujaza kanisa.

"Maman Clémence!" aliita. "Tangu nimeanza kualikwa harusi mu kisiwa hii, sijaona plato kama hizi. Zimetoka wapi?"

Watu wakanyamaza ili wasikie. Maman Clémence aligeuka kumtazama Adolphine. Adolphine akapiga hatua mbele, akiwa bado na koti kubwa la mumewe.

"Muzee, zimetoka Bukavu," alisema. "Bwana yangu njo fundi, na mi njo nilizifunga. Zenyewe zilitangulia. Mi nimezifuata."

Hakusema uongo hata neno moja. Watu wakapiga makofi, wanawake wakapiga vigelegele, na Maman Clémence akamshika mkono kwa nguvu mpaka pete yake ikamuumiza. Walimkalisha mstari wa mbele kama jamaa. Walimletea samaki, wali, na kopo la kasiksi, ile pombe ya ndizi, na yeye ambaye huwa hanywi alikunywa kidogo, kisha akanywa tena kidogo. Mwishoni alicheza. Alimweleza Jean-de-Dieu baadaye kwamba alicheza kwa sababu walimlazimisha, lakini mtu aliyekuwa karibu angeona kwamba hakulazimishwa sana.

Alikuwa ameshampigia simu Maman Clémence wa Goma na kumwambia tu kwamba masinia yameonekana na yatafika Jumatatu. Mengine alitaka kumwambia ana kwa ana.

Jumapili baada ya misa, wanawake wa mtaa mzima walikuja na ndoo. Waliosha masinia kwa limau na sabuni, wakayafuta, wakayasimamisha kivulini kando ya ukuta. Wengine walitaka kuyaanika juani yakauke haraka, Adolphine akawakataza kwa sababu jua lingeyapinda. Wengine walikwenda migombani na kurudi na majani makavu, mapana na safi kuliko yale aliyozoea. Wakakaa chini kwenye mkeka wakasugua majani na kuongea juu ya harusi: nani alikula mara mbili, nani aliimba vibaya, shemeji gani alilia kuliko mama wa bibi harusi. Adolphine aliwaonyesha namna ya kupishanisha mishikio. Mikono ilikuwa mingi, kazi ikaisha kabla hajaitamani iishe.

Sinia moja lilikuwa na doa la mawese ambalo limau lilishindwa kuliondoa. Alilizungusha mkononi, akampa Maman Clémence.

"Hii ni ya Lucie," alisema. "Imeshazoea huku."

Walipopigilia misumari ya mwisho alitega sikio kwenye kasha na kulitikisa. Wanawake wote wakanyamaza, hata watoto. Kasha halikusema kitu. Vigelegele vilivyofuata vilisikika mpaka ufukweni.

Goma aliingia Jumatatu, moyo mzito kidogo. Restora ilikuwa nzuri, kuta zimepakwa rangi mpya, viti bado vimefungwa plastiki. Maman Clémence wa Goma alikuwa mwanamke mrefu mwenye miwani, na alimkaribisha bila kutabasamu. Alifungua kasha la kwanza mwenyewe. Alitoa sinia, akalinusa.

"Hii inanukia limau."

"Eeh, maman. Tuliziosha." Adolphine alivuta pumzi. "Sitakuficha. Zilikula harusi, kule Idjwi. Balifungua wakafikiri ni zabo, na nilipofika batu balikuwa wanakula. Nilishindwa kubanyang'anya. Na moja imebaki kwa bibi harusi. Nitakutumia ingine."

Maman Clémence alirudi kwenye kasha. Alitoa sinia la pili, la tatu, akapitisha kidole kwenye ukingo, akatafuta mkwaruzo. Hakuuona. Kutoka uani kilisikika kicheko cha wanaume, na Adolphine, aliyekuwa anatafuta mahali pa kuweka macho yake, alitazama kupitia mlango wazi. Wapaka rangi walikuwa wamekaa chini ya ukuta wanakula maharage na bugali, kila mmoja na sahani yake mpya ya plastiki, na kikombe cha pinki miguuni.

Maman Clémence aliona anachokitazama. Alivua miwani, akaifuta, akairudisha.

"Ningefanya nini?" alisema. "Balikuwa na njaa, na mi sikuwa na kitu ya kubapatia."

"Njo vile pia alifanya yule mwenzako."

Hapo wote wawili walicheka, kwanza polepole kwa adabu, halafu kicheko kikawashinda mpaka mmoja wa wapaka rangi alikuja kuchungulia. Maman Clémence alimwomba abaki kwa siku ya ufunguzi. Adolphine alimpigia simu mumewe.

"Nitabaki mpaka kesho kutwa," alisema.

"Umekuwa mutu wa safari?" aliuliza Jean-de-Dieu. Nyuma yake nyundo ilikuwa kimya. "Na mi nani atanipikia?"

"Mayai yako kwenye kabati. Uyakaange."

Jumanne aliketi kwenye meza ya pembeni, amevaa kikwembe alichoazimwa, akala chakula kilicholetwa na kijana mwenye shati jeupe. Hakuona aibu kulitazama sinia kwa muda mrefu. Mkeka mzima wa wanawake wa Idjwi ulikuwa ndani ya sinia lile, kwake yeye, ingawa hakuna mteja mwingine aliyeuona.

Mwezi uliofuata katekista Honoré aliagiza masinia ya parokia, kwa sikukuu ya mtakatifu wao. Na masahani ya Aloys yalipofika kisiwani hatimaye, yakiwa yameoshwa, yalikuwa yameambatana na salamu kutoka kwa Maman Clémence wa Goma, pamoja na swali: mananasi ya huko yanauzwa vipi? Hao wawili hawajaonana hadi leo, ila kila baada ya siku chache mananasi yanavuka ziwa kwenda kwenye restora ya Goma. Wakati wa mavuno Maman Clémence wa Idjwi humpigia Adolphine simu na kumwuliza mambo ya kufunga mananasi.

Juzi simu yake ilimkuta karakanani, katikati ya majani, sindano ya gunia mdomoni.

"Ya chini yanapondeka, maman. Nifanye nini?"

Adolphine alitoa sindano mdomoni, akafikiri. "Uyalaze upande," alisema. "Usiyasimamishe. Na majani ya kichwani uyafunge na kamba kidogo, kama vile nywele ya mutoto." Kisha alisikiliza. "Lucie hajambo? … Mapacha? Wewe! Jean-de-Dieu, sikia, Lucie amezaa mapacha!"

Jean-de-Dieu aliinua kichwa kutoka kwenye randa yake, vipande vya mbao vimemjaa ndevuni, akauliza kama ni wavulana.